Kuendesha vikao vya timu ya programu wakati wengine wako ofisini na wengine nyumbani

Chukua timu ya watu tisa. Watano wamekaa kwenye chumba cha mikutano Nairobi, wanne wameingia kwa intaneti: mmoja yuko nyumbani Kitengela, mwingine Arusha, wa tatu Kigali, wa nne Berlin. Vikao vya timu kama hii huharibika kwa namna ileile kila mahali. Walio chumbani huanza kuzungumza wao kwa wao, na walio mbali hubaki kuokota vipande. Maiki iko mwisho wa meza. Mtu anachora kwenye ubao ambao kamera haiuoni. Kicheko kinalipuka na wanne hawajui kilichosemwa. Kikao kikiisha, watano wanatoka pamoja na kuendelea kukubaliana kwenye korido, na kesho yake msanidi wa Arusha anakuta muundo wa hifadhidata umebadilika bila yeye kuulizwa.

Ilani ya Agile ya mwaka 2001, tamko la namna ya kuunda programu lililotiwa saini na watu 17, inasema mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo njia bora zaidi ya kupashana habari ndani ya timu. Hilo ni kweli timu nzima ikiwa chumba kimoja. Kwenye timu ya mseto, yaani baadhi ofisini na baadhi mbali, nusu wanaipata faida hiyo na nusu wanaikosa, na pengo hilo hujitokeza baadaye ndani ya msimbo: watu wawili wanajenga kitu kimoja kwa mawazo mawili tofauti.

Kanuni inayosimamia mwongozo huu ni hii: kikao kinafanyika kwenye skrini na kwenye waraka mmoja uliofunguliwa na wote. Chumba ni mahali tu walipokaa baadhi ya washiriki. Kila hatua inayofuata inatokana na kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Punguza vikao kwanza

Kikao cha mseto kina gharama kubwa kuliko cha chumba kimoja, kwa hiyo usikiitishe kwa jambo linaloweza kuandikwa. Taarifa za maendeleo ziandikwe kwenye tiketi (rekodi ya kila kazi kwenye mfumo wa timu) au kwenye chaneli ya timu. Mapitio ya msimbo yafanyike kwa maandishi. Watu wawili wapigiane simu pale tu maoni yanapokwenda na kurudi zaidi ya mara tatu bila kuelewana.

Kinachostahili kikao ni uamuzi wenye njia zaidi ya moja, makadirio ya kazi, maonyesho kwa mteja na tathmini ya timu. Kwa kikao cha uamuzi, mwenye hoja aandike waraka wa ukurasa mmoja au miwili na kuutuma saa 24 kabla: tatizo ni nini, njia zilizopo, anayoipendekeza, na swali ambalo kikao kinatakiwa kulijibu. Wengi hawatausoma mapema, na hilo halina haja ya kulaumiana. Tenga dakika 10 za mwanzo watu wausome kimya na kuandika maoni pembeni ya waraka. Amazon ilianza utaratibu wa kusoma kimya mwaka 2004 ilipoachana na slaidi kwenye vikao vya viongozi wake. Kwa timu ya mseto una faida ya ziada: aliye Kigali mwenye mtandao dhaifu anasoma sawa kabisa na aliye mezani.

Kama timu ina siku ambayo wote tisa hukutana ofisini, usiipoteze kwa taarifa za maendeleo. Mtu aliyelipa nauli na kukaa kwenye foleni ya magari saa moja na nusu apewe kazi inayohitaji mwili wake pale: usanifu mpya, mpango wa robo mwaka, au mgogoro ambao umekwama. Akikosekana hata mmoja, kikao hicho ni cha mseto na kanuni zote zinarudi.

Hatua ya 2: Chagua umbo la kikao

Kuna maumbo mawili yanayofaa, na kuyachanganya bila mpango ndiko kunakoleta mwangwi na vurugu.

La kwanza: kila mtu kwa mashine yake, maiki yake na hedifoni zake, hata walio ofisini. Ndilo lenye usawa zaidi, na ndilo tunalopendekeza walio ofisini wakiwa watatu au pungufu, au kikao kikiwa cha tathmini. Sharti lake ni kwamba walio ofisini wakae mbalimbali, ukuta au angalau mita kadhaa kati yao. Wakikaa karibu, kila maiki itaokota sauti ya jirani, na aliye mbali atasikia kila neno mara mbili.

La pili: chumba chenye kifaa kimoja cha sauti, na kila aliyekaa humo ana laptopu mbele yake iliyoingia kikaoni bila sauti. Hili linafaa watu wanne na zaidi. Laptopu hizo ni za lazima, kwa sababu ndipo mtu anapoona waraka, anaponyoosha mkono na kuandika kwenye chati (sehemu ya ujumbe ya programu ya kikao) kama wenzake walio mbali.

Umbo la tatu, ambalo watu hulitumia kwa mazoea, ni laptopu moja iliyowekwa kwenye kona ya meza na watano wakiikodolea. Liacheni.

Hatua ya 3: Andaa sauti ya chumba

Mtu anaweza kushiriki kikao kizima bila kuona sura ya yeyote. Sauti ikikatika dakika mbili, ameshapotea. Kwa hiyo fedha na muda viende kwenye sauti kwanza.

Anza na umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua takriban desibeli 6, huku kelele ya feni na mwangwi wa kuta vikibaki palepale. Aliyekaa nusu mita kutoka kwenye maiki na aliyekaa mita mbili wana tofauti ya desibeli 12. Ndiyo maana mkuu aliyekaa karibu anasikika vizuri na kijana wa mwisho wa meza anasikika kama yuko nje. Tumia spika ya mikutano yenye maiki za pande zote, iwekwe katikati ya meza, na asiwepo mtu aliye mbali nayo zaidi ya mita 1.5. Meza ikizidi mita 3, nunua aina inayokubali kuunganishwa maiki za nyongeza.

Kisha chumba chenyewe. Ofisi nyingi mpya zina vioo, vigae na dari ngumu, na sauti hudunda humo. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaendelea baada ya kofi, maiki nayo inausikia. Mapazia mazito mbele ya vioo, zulia chini ya meza na mbao za matangazo zilizofunikwa kwa kitambaa hupunguza tatizo kuliko maiki ya bei ghali. Kiyoyozi kisipulize kuelekea mezani. Chini ya spika weka kitambaa kilichokunjwa, kwa kuwa meza husafirisha kila bonyezo la kibodi hadi kwenye maiki.

Dakika tano kabla ya kuanza, anayefungua chumba afanye haya kwa mpangilio:

1. Afungue kikao kwenye mashine ya chumba na kuchagua spika ya mikutano kuwa maiki na pia kuwa spika. Kosa la kila siku ni kuchagua maiki ya kifaa hicho lakini sauti ikaendelea kutoka kwenye runinga kupitia waya wa HDMI. Kifaa huondoa mwangwi kwa kulinganisha kinachosikika na kile kinachotoka kwenye spika yake chenyewe. Sauti ya runinga hakiijui, tena inachelewa kidogo, basi inarudi kwa walio mbali kama mwangwi.

2. Wengine chumbani waingie bila sauti. Google Meet ina hali maalumu ya kuingia kama mwenza wa chumba. Kwenye Zoom na Teams chagua kutounganisha sauti. Kuzima maiki peke yake hakutoshi: spika ya laptopu ikibaki wazi, maiki ya chumba itaiokota. Unapotokea mlio mkali wa ghafla, karibu kila mara ni laptopu moja chumbani ambayo sauti yake haijafungwa. Mwendeshaji aseme mara moja, “Chumbani, fungeni sauti zote za laptopu,” kisha aendelee.

3. Kwenye laptopu hizo wafunge pia picha zinazoingia, runinga inatosha. Laptopu tano zinazopokea picha kwa pamoja hula mtandao wa ofisi bila faida.

4. Kila aliye chumbani ataje jina lake kutoka kwenye kiti chake halisi, na mmoja aliye mbali aseme nani hasikiki. Usikubali jibu la “nawasikia” la jumla.

Kuhusu picha, machache. Kamera iwe usawa wa macho, karibu na runinga inayoonyesha walio mbali, ili anayewatazama aonekane anawatazama. Watu wakae kwa umbo la nusu duara, mgongo wa mtu usielekee kamera.

Ubao wa ukutani usitumike hata kidogo kama kuna mtu mbali. Tumia Excalidraw, Miro au chombo chochote cha kuchora ambacho wote wanakifungua. Kama kuna mtu ambaye mawazo hayamtoki bila kalamu, achore kwenye karatasi ya A4, na simu iliyoegeshwa juu yake iingie kikaoni kama mshiriki anayejitegemea, bila sauti. Mchoro unaonekana vizuri, na karatasi inapigwa picha na kuwekwa kwenye tiketi.

Hatua ya 4: Mtandao na umeme

Sauti pekee huhitaji takriban kilobiti 60 hadi 100 kwa sekunde. Picha ya kawaida kwenye kikao cha watu wengi huhitaji kama megabiti 1 kwa sekunde (Mbps 1) kila upande, na picha kali ya 720p kati ya Mbps 2 na 3. Ukipiga hesabu, saa moja ya sauti ni kama MB 70, na saa moja ya picha ya kawaida inaweza kufika MB 700 au zaidi. Anayetumia bando la simu ana haki ya kufunga picha bila kujieleza, na mwajiri anayetaka kuiona sura yake alipie bando. Timu iliandike hilo kwenye taratibu zake ili msanidi mgeni asione haya kuomba.

Kasi ya kushusha inayotangazwa na kampuni za intaneti si tatizo la kawaida. Tatizo ni kuchelewa na kuyumba. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linasema sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, mazungumzo mengi hayaathiriki. Ikizidi 400, haifai. Vinavyoongeza ucheleweshaji katika ofisi ya programu vinajulikana: mtu anapandisha kifurushi kikubwa cha programu cha Docker, nakala rudufu za hifadhidata zinakwenda kwenye wingu, mashine kumi zinasasisha mfumo. Njia ya kupandisha ikijaa, pakiti za sauti husubiri foleni nyuma ya mafaili. Weka kwenye ruta mpangilio wa kuipa sauti kipaumbele, unaoitwa QoS au SQM, na kazi nzito zipangiwe nje ya saa za vikao. Mashine ya chumba iunganishwe kwa waya.

Nyumbani, tumia Wi-Fi ya 5 GHz ukiwa karibu na ruta. Masafa ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa majirani wote wanazigombania. Hedifoni za waya zenye maiki, hata za bei nafuu, mara nyingi hushinda za Bluetooth: nyingi za Bluetooth zikiwasha maiki hushusha ubora wa sauti ili iweze kwenda pande mbili kwa pamoja.

Umeme ukikatika, laptopu ina betri ila ruta haina. Kifaa kidogo cha UPS cha ruta, chenye betri yake, hutatua hilo. Kabla ya kununua soma volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta, na ukumbuke kifaa cha faiba nacho kinahitaji umeme wake. Simu iwe tayari kugawa intaneti, na laptopu iwe imeshakariri nenosiri lake. Timu ikubaliane mapema: mwendeshaji akipotea dakika mbili, naibu anaendelea bila kumngoja.

Hatua ya 5: Saa

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko UTC+3 mwaka mzima. Kigali na Bujumbura ni UTC+2 mwaka mzima. Berlin hubadilika: iko nyuma ya Nairobi saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. New York iko nyuma saa 7, kisha 8. Tena Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, na Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambapo hesabu uliyoizoea haifanyi kazi. Oktoba na Novemba kuna wiki nyingine moja ya namna hiyo.

Tukio la kalenda hufuata ukanda wa saa lilioundiwa. Likiundwa kwa Africa/Nairobi, walio Berlin wataona limesogea. Likiundwa kwa Europe/Berlin, Nairobi watasogezwa. Amueni nani wa kusogezwa, kwa kawaida wawe wachache au wateja, kisha mtu mmoja tu awe mmiliki wa matukio yote ya timu.

Kwa mdomo tunasema saa nne asubuhi, na kalenda inasema 10:00. Kwenye maandishi tumieni tarakimu za saa 24 pamoja na ukanda: 10:00 EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. “Kikao saa 4” kwenye chati kimewahi kumaanisha 04:00, 10:00, 16:00 na 22:00 kwa watu wanne tofauti.

Hatua ya 6: Nani anaendesha

Kila kikao kiwe na watu watatu wenye zamu, wabadilishwe kila sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi kisichozidi mwezi.

Mwendeshaji anashika ajenda na saa. Tunasisitiza awe mmoja wa walio mbali kila inapowezekana. Mwendeshaji akiwa nje, chumba chote hulazimika kuongea kupitia maiki na kuitazama skrini, na mengi yaliyotajwa hapo juu yanajirekebisha bila kukumbushana. Mwandishi anaandika kwenye waraka ulio wazi mbele ya wote, papo hapo, ili aliyekosa sentensi aisome na aliyenukuliwa vibaya asahihishe. Wa tatu hukaa chumbani na kazi yake ni kuangalia chati na mikono iliyonyooshwa. Anayo ruhusa ya kumkatiza yeyote, mkubwa au mdogo: “Samahani, Arusha alitangulia kunyoosha mkono.”

Ruhusa hiyo isemwe wazi na kiongozi wa timu mwenyewe. Katika ofisi zetu kijana hamkatizi mkubwa, na kwa aliye mbali kuna ucheleweshaji wa sauti juu ya adabu hiyo: akingoja nafasi, mtu wa chumbani ameshaichukua. Foleni ya mikono inaondoa haja ya kukatiza. Kwa hiyo wote wanyooshe mkono kwenye programu, hata aliyekaa pembeni ya spika. Mwendeshaji akiuliza swali, ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kuendelea, aite walio mbali kwa majina kwanza, na mkuu aseme mwisho. Mkuu akitangulia, mjadala umekwisha.

Lugha nayo ipangwe. Mazungumzo ya chumbani huteleza kwenda kwenye Kiswahili cha mtaani au Sheng, na wa Berlin, na mara nyingine hata wa Kigali, anabaki nje. Kama wote tisa wanakielewa Kiswahili, jadilini kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu hueleza hitilafu ngumu vyema zaidi kwa lugha anayofikiria. Kama mmoja haelewi, tumieni lugha ya wote mpaka atakapotoka, na waraka uandikwe kwa lugha ileile ya tiketi.

Hatua ya 7: Vikao vyenyewe

*Kikao cha kila siku.* Scrum, utaratibu wa kuendesha kazi ya timu kwa sprinti, inakipa dakika 15. Watu tisa kwa dakika moja na nusu kila mmoja ni dakika 13 na nusu, hakuna nafasi ya hadithi. Badala ya kuzunguka mtu kwa mtu, fungueni ubao wa kazi na kuupitia kutoka safu ya kulia, iliyo karibu na kumalizika, kwenda kushoto. Swali kwa kila tiketi: nini kinaizuia isiishe leo? Asiyeweza kuingia aandike mistari yake mitatu kabla ya 09:30, na mwendeshaji aisome kwa sauti. Jambo likihitaji kuchimbwa, liandikwe chini ya waraka, na wahusika wake wabaki kwenye kikao kilekile baada ya dakika 15. Wasihamie korido.

*Kupanga sprinti.* Mwongozo wa Scrum wa 2020 unaruhusu hadi saa 8 kwa sprinti ya mwezi mmoja, na muda hupungua sprinti ikiwa fupi. Kwa wiki mbili, gawanyeni kazi siku mbili, dakika 90 kila siku, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Skrini huchosha mapema kuliko meza.

Makadirio ndiyo sehemu inayoharibika zaidi. Mchezo wa kadi za makadirio, uliobuniwa na James Grenning mwaka 2002, unategemea wote kufunua kwa pamoja ili namba ya mmoja isivute ya mwingine. Chumbani watu huchunguliana. Tumieni chati: kila mtu aandike namba ya ukubwa wa kazi, 1, 2, 3, 5, 8 au 13, bila kutuma, mwendeshaji ahesabu hadi tatu, wote watume. Mmoja akitoa 3 na mwingine 8, hao wawili ndio wanaoeleza, aliye mbali akianza. Wengi wakitoa 13, acheni kubishana na igawanyeni tiketi.

Mnapojadili msimbo, usitegemee kushea skrini peke yake, kwani picha ikishuka ubora herufi hugeuka ukungu. Tuma kiungo cha faili na namba ya mstari, kila mtu afungue kwake. Ukilazimika kushea, shea dirisha moja badala ya skrini nzima, panua herufi hadi 18 au 20, na uzime arifa za ujumbe binafsi.

*Maonyesho kwa mteja.* Rekodi mapema video ya dakika mbili au tatu ya kila kipengele. Mtandao ukisumbua, tuma kiungo cha video na uendelee kueleza kwa sauti. Data ya majaribio iwe ya kubuni, isionekane hata namba moja ya simu ya mtu halisi.

*Tathmini ya sprinti.* Hapa kila mtu awe kwa mashine yake, hata walio ofisini. Dakika 7 za kuandika kimya kwenye ubao wa mtandaoni bila majina, dakika 3 za kupanga yanayofanana, kura tatu kwa kila mtu, kisha mjadala wa mawili yaliyoongoza. Chagueni hatua moja au mbili tu, kila moja iwe tiketi yenye mwenyewe na tarehe ndani ya sprinti ijayo. Orodha ya hatua tisa haitekelezwi.

*Mfumo ukianguka.* Fungueni kikao kimoja cha sauti na chaneli moja ya maandishi. Mmoja anaongoza na hagusi kibodi ya seva. Kila amri inayotekelezwa inabandikwa kwenye chaneli pamoja na saa yake. Walio ofisini wasikusanyike nyuma ya kiti cha mtu mmoja, maana wakifanya hivyo, anayeijua seva hiyo zaidi na yuko Kitengela hataona kinachofanyika.

Hatua ya 8: Baada ya kikao

Ndani ya saa moja mwandishi asafishe waraka ubaki na mambo manne: uamuzi, sababu yake, mwenye kazi, tarehe. Maamuzi ya usanifu yaingie kwenye hazina ya msimbo kama kumbukumbu fupi za aina ya ADR, mtindo alioueleza Michael Nygard mwaka 2011: hali ilivyo, uamuzi, matokeo yake. Yapitie njia ileile ya mapitio ya msimbo, yakae wazi saa 24, ili aliyekosa kikao kwa sababu ya umeme aweze kupinga kabla hayajaunganishwa.

Mazungumzo ya korido hayazuiliki, na hayana ubaya. Ila kilichokubaliwa huko ni pendekezo mpaka kiandikwe kwenye tiketi na wengine wapate nafasi ya kukijibu. Kiongozi wa timu aulize kila mara, “Limeandikwa wapi?”

Kurekodi kuwe kwa sababu maalumu. Sauti na sura ni data binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Semeni kabla ya kubonyeza: rekodi ni ya nini, nani ataiona, itafutwa lini. Siku 30 zinatosha kwa kikao cha kawaida. Tathmini ya sprinti isirekodiwe kamwe, watu hawatasema ukweli mbele ya kamera inayohifadhi.

Baada ya sprinti mbili, yule anayeangalia chati ahesabu katika vikao vitatu kila mshiriki amezungumza mara ngapi, na maamuzi mangapi yametoka kwa hoja ya aliye mbali. Kama walio mbali wako nyuma sana, msinunue kifaa kipya kwanza. Kwa sprinti moja nzima kila mtu aingie kwa mashine yake, walio ofisini wakiwa wametawanyika kwenye madawati yao, kisha hesabuni tena. Hesabu ikisawazika, tatizo ni chumba: rudini kwenye hatua ya 3. Isiposawazika, tatizo ni namna ya kuendesha kikao, na mahali pa kuanzia ni kumpa mmoja wa walio mbali zamu ya mwendeshaji.